Mbiu ya Mgambo Ndani ya Damu: Kwa Nini Dozi ya Malaria Haigawanywi



Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Zamani mbiu iliposikika kijijini, mtu aliacha jembe lake au nyavu zake akaenda kusikiliza. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia mbiu ambayo hakuna sikio linaloisikia, kwa sababu inalia ndani ya damu ya mtoto mwenye malaria. Kinachoipiga ni kimelea cha malaria chenyewe. Na mbiu yenyewe ni kalsiamu, madini yale yale yaliyomo katika mifupa na meno yetu, katika dagaa, na katika maganda ya chaza wanaookotwa Mnazi Bay maji yakipwa.

Huenda msomaji akauliza: habari hizi za ndani kabisa zatuhusu nini sisi wa vijijini? Si zinawahusu mabingwa wa maabara? Maoni yangu ni kwamba zinatuhusu sana. Mzazi akijua kimelea kinaingiaje katika damu, na kila baada ya saa ngapi, hataona tena sababu ya kugawa dozi ya mtoto wala ya kuiachia njiani. Na desturi hiyo ya kugawa dozi, kwa maoni yangu, ni moja ya mambo yanayoirudisha nyuma pwani yetu.

Hali yetu

Tuanze na hesabu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwapima malaria watoto wa miezi 6 hadi 59 katika mikoa mbalimbali. Kwa wastani wa nchi, watoto 8 kati ya 100 walikutwa na malaria. Katika mkoa wa Mtwara walikuwa 20 kati ya 100, yaani mtoto mmoja katika kila watano. Tabora peke yake ndiyo iliyotuzidi, kwa watoto 23. Wakati huo huo mikoa kama Kilimanjaro na Njombe haikufikisha hata mtoto mmoja kati ya 100.

Anayeishi Msimbati, Kilambo, Mahurunga au Kitaya hahitaji kuelezwa sababu. Mvua zikianza kukolea mwezi Desemba hadi Aprili, mto Ruvuma hujaa na mabonde ya mpunga husimama maji. Watu hulala madunguni kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na viboko. Wavuvi nao hulala dago, na chandarua aghalabu hubaki nyumbani. Tena ni miezi ambayo fedha ya korosho imekwisha kwenda kwenye ada na madeni. Hapo ndipo vidonge vya mtoto mmoja huanza kuhesabiwa kwa watoto wawili.

Dakika moja mlangoni

Kimelea kinachotusumbua zaidi huitwa plasmodiamu falsiparamu. Mbu akikitema mwilini, kwanza hujificha katika ini kwa muda wa juma moja hivi, na mgonjwa hasikii lolote. Kisha hutoka na kuingia katika chembe nyekundu za damu. Ndani ya chembe hiyo kimelea kinakula na kukua, na baada ya saa 48 huwa kimejigawa kuwa vichanga 16 hadi 32. Chembe hupasuka, vichanga vinamwagika, na hapo ndipo homa na kutetemeka humshika mgonjwa.

Sasa tazama. Kichanga kikiwa nje ya chembe kiko hatarini. Askari wa mwili wanaweza kukikamata, na chenyewe hakiwezi kuishi muda mrefu bila nyumba. Lazima kiingie katika chembe mpya upesi. Kazi yote ya kuingia huchukua kama dakika moja tu. Lakini hakina mikono, hakina kucha wala meno. Kinaingiaje?

Jibu ni kwamba kwenye ncha yake kimebeba vifuko vidogo sana vilivyojaa protini. Nyingine zinanata, nyingine zinashika ukuta wa chembe, nyingine zinaulainisha. Jambo la ajabu kuliko yote ni hili: kimelea hakitegemei kukuta kitasa mlangoni. Kinakuja na kigingi chake mwenyewe. Hukichomeka katika ukuta wa chembe ya mtu, kisha hutoa kamba yake yenyewe, hujifunga kwenye kigingi kile na kujivuta hadi ndani. Mwizi gani huyu anayeleta mpaka bawaba za mlango!

Lakini vifuko hivyo havifunguliwi ovyo. Vikifunguliwa mapema, kimelea kingali ndani ya chembe ya zamani, silaha zinapotea bure. Vikichelewa, kichanga kinakufa nje. Kwa hiyo kinahitaji ishara ya kukiambia: sasa!

Kalsiamu ndiyo ishara

Sisi tumezoea kuifikiria kalsiamu kama chokaa ya mifupa. Lakini katika miili ya viumbe hai ina kazi ya pili, nayo ni kupeleka habari. Katika majimaji ya damu kalsiamu iliyo huru ni kama mara 10,000 ya ile iliyomo ndani ya chembe hai za kawaida. Chembe hutumia nguvu nyingi kuizuia nje au kuifungia katika ghala lake la ndani. Kwa sababu hiyo, kikifunguliwa kijimlango kidogo tu, kiasi chake hupanda ghafla, na kupanda huko ndiko kunakokuwa ishara. Ndivyo moyo unavyopata amri ya kudunda na msuli amri ya kukaza. Hata mate yanayojaa kinywani ukisikia harufu ya samaki wa kuchoma hutolewa kwa amri ya kalsiamu.

Kimelea kinatumia mbiu hiyo hiyo. Mwaka 1999 watafiti Vern Carruthers na David Sibley walionyesha kwamba kalsiamu ikipanda ndani ya toksoplasma, vifuko vyake hufunguka. Toksoplasma ni ndugu wa kimelea cha malaria. Huenezwa kwa kinyesi cha paka na nyama isiyoiva, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Mwaka 2010 kikundi cha Chetan Chitnis, kilichokuwa New Delhi, India, kilionyesha jambo hilo kwa kimelea cha malaria chenyewe: kalsiamu inapanda, vifuko vinafunguka, protini zinatoka, kimelea kinashika chembe. Pia imejulikana kwamba kalsiamu inahusika hata pale vichanga vinapoipasua chembe ya zamani ili vitoke. Kwa hiyo mbiu hulia wakati wa kutoka, ikalia tena wakati wa kuingia.

Wenye kuisikiliza mbiu hiyo ndani ya kimelea ni protini za kundi ambalo hupatikana kwa mimea na kwa vimelea vya jamii hii, lakini binadamu hana. Hili ni jambo la kutia moyo. Dawa itakayoziba masikio ya protini hizo inaweza kumwacha mgonjwa salama. Kazi hiyo bado iko katika utafiti, na haijatupa kidonge cha kupewa dirishani.

Chanjo nazo zinalenga dakika hiyo hiyo ya mlangoni. Moja ya protini zinazotoka katika vifuko huitwa RH5, na bila hiyo falsiparamu haiwezi kuingia katika chembe nyekundu. Mwaka 2021 watu 60, wakubwa kwa watoto, walijitolea huko Bagamoyo kuchanjwa kwa majaribio chanjo iliyotengenezwa kwa RH5, ili mwili ujifunze kuikamata protini hiyo kabla haijafanya kazi yake. Watanzania wenzetu, basi, wamo katika utafiti huu, na hapana haja ya kuuona kuwa ni habari ya ng'ambo.

Mbu naye, na kichocho pia

Mbiu haikomei katika damu ya mtu. Vimelea vichache katika damu ya mgonjwa hugeuka kuwa vya kiume na vya kike, vikangoja mbu. Mbu akifyonza damu ile, vimelea hujikuta katika tumbo lenye baridi kuliko mwili wa mtu, na lenye kemikali ya mbu mwenyewe. Mwaka 2004 Oliver Billker na wenzake walionyesha kwamba hapo kalsiamu hupanda ndani ya kimelea, na kile cha kiume hutoa mbegu zenye mikia. Haichukui hata robo saa mpaka mbegu 8 ziwe tayari. Maana yake ni hii: mtoto aliyetibiwa nusu anaweza kuonekana mzima, anacheza uwanjani, na huku analisha mbu watakaomwambukiza jirani.

Kalsiamu hiyo hiyo inaweza kuwa rafiki yetu. Pwani yetu inajua kichocho na mkojo wa damu. Vidonge vya prazikwanteli wanavyopewa watoto shuleni hufanya kalsiamu imwagike ghafla ndani ya mnyoo wa kichocho. Misuli ya mnyoo hukakamaa, unashindwa kujishikilia katika mshipa, na mwili unaumaliza. Kwa hiyo mzazi asimfiche mtoto siku ya kugawa dawa za kichocho.

Je, tuache dagaa?

Hapo mama mmoja anaweza kusema: kama kimelea kinatumia kalsiamu, basi nimnyime mwanangu dagaa na maziwa. Hapana, mama, usifanye hivyo. Kalsiamu ya ishara hutoka hasa katika ghala la kimelea chenyewe. Tena mwili wa mtu hukilinda kiwango cha kalsiamu ya damu kisipande wala kushuka. Ukimnyima mtoto, mwili utachukua kutoka katika mifupa yake. Utakuwa umemdhoofisha mtoto na kimelea hakikudhurika. Mtoto wa Mnazi Bay na ale dagaa wake na mifupa yake, ashibe.

Kila saa 48

Sasa tufike kwenye shabaha yetu. Dawa mseto ya ALu ina dawa mbili. Ya kwanza, artemetha, inaua vimelea kwa kasi, lakini inakaa katika damu kwa saa chache tu. Ya pili, lumefantrini, inakwenda polepole na kukaa siku kadhaa, nayo ndiyo inayofagia mabaki. Dozi kamili ni mara 6 katika siku 3: ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni siku ya pili na ya tatu. Idadi ya vidonge kwa kila mara hutegemea uzito wa mgonjwa.

Kwa nini siku tatu? Kwa sababu mbiu inalia kila baada ya saa 48. Dawa lazima iwe ndani ya damu mbiu inapolia tena, ili vichanga vilivyobaki vikute mlango una mlinzi. Homa inaposhuka siku ya kwanza au ya pili, wengi wa maadui wameuawa, lakini si wote. Tufanye hesabu ndogo. Vikibaki vimelea 1,000 tu, na kila kimoja kikafaulu kuacha warithi 10 katika kila saa 48, baada ya siku 8 vitakuwa 10,000,000. Vidonge viwili vilivyowekwa akiba kwenye kabati ndivyo vilivyokuwa vya kuviua vile 1,000.

Ndiyo maana nasema kwamba kugawa dozi kwa watoto wawili si upendo kwa wote wawili. Ni kuwanyima wote wawili. Watoto wote wawili watapata nafuu ya siku chache, na wote wawili watarudi na homa.

Liko na jambo jingine lenye kutisha zaidi. Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini, chungu lakini ya uhakika. Vimelea viliizoea, na mwaka 2001 Tanzania Bara ikaiacha ikaingia SP. Haikupita miaka mingi SP nayo ikashindwa kutibu wagonjwa, na mwaka 2006 ikaamuliwa ALu ishike nafasi yake. SP ikabaki kwa kazi ya kuwakinga akina mama wajawazito kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta katika mkoa wa Kagera vimelea vyenye badiliko linalovifanya viuawe polepole na dawa za jamii ya artemetha. Wilayani Karagwe vilikuwa zaidi ya kimoja kati ya vitano. ALu bado iliwaponya wagonjwa huko. Lakini ikipungua nguvu ile ya kwanza, mzigo wote unaiangukia lumefantrini, na anayekatisha dozi anaipunguza hiyo nayo. Kagera ni mbali na Ruvuma, lakini vimelea husafiri na watu, na watu wa siku hizi husafiri sana. Mkoa wenye mtoto mmoja mgonjwa katika kila watano hauwezi kumudu kuipoteza dawa hii.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tupime kabla ya kumeza. Sisi watu wa huku ndio tusiopaswa kusahau kwamba si kila homa ni malaria. Chikungunya, ugonjwa wa virusi unaojulikana leo duniani kote, ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika nyanda zetu za Makonde, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjika kwa maumivu. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu na kama robo saa ya kusubiri. ALu aliyopewa asiye na malaria ni dawa iliyopotea.

Pili, dawa ya ALu imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama uji wa karanga, mchuzi wa nazi, samaki au maziwa. Mtoto mchanga anyonyeshwe. Lumefantrini bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Hapa nazi zetu zina kazi.

Tatu, dozi ya usiku isiachwe kwa kumhurumia mtoto aliyelala. Mwamshe. Akitapika ndani ya nusu saa, arudiwe dozi ile. Akiendelea kutapika, apelekwe zahanati.

Nne, anayekwenda shamba la bondeni au dago katikati ya dozi aende na vidonge vyake, na chandarua chake. Mmoja katika familia awe mwenye kuhesabu: mara 6, siku 3. Hata mtoto wa darasa la tatu aweza kupewa kazi hiyo, naye ataifanya kwa fahari.

Tano, degedege, kulegea, kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida au mkojo mweusi si mambo ya kungoja kesho. Chembe zenye falsiparamu hunata katika mishipa midogo, hata ya ubongo. Degedege halitoki kwa ndege wa usiku, na moshi wa ubani hautalifukuza. Mtoto apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Neno kwa viongozi

Lakini haitoshi kuwalaumu akina mama. Mama anayegawa dozi mara nyingi amefanya hivyo kwa sababu alikwenda zahanati akaambiwa vidonge vimekwisha, na katika duka la dawa muhimu fedha yake ikatosha nusu. Ni haki kusema wazi: gesi ya Mnazi Bay imekuwa ikienda Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2015. Watu wanaoishi jirani na visima hivyo wana haki ya kuvikuta vipimo na dawa mseto katika zahanati zao kutoka Desemba hadi Mei bila kukatika. Kamati za afya za vijiji ziulize mapema, mwezi Oktoba, kabla mvua hazijafunga barabara: boksi ngapi zimeagizwa, na zimefika ngapi? Swali hilo si uchochezi, bali ni wajibu wa kamati.

Na sisi katika nyumba zetu tuwe na msimamo mmoja. Vidonge vya mtoto ni vya mtoto huyo, vyote, mpaka cha mwisho. Mwenzake akiugua, naye apimwe, apewe vyake. Jioni ya siku ya tatu, hata kama mtoto amekwisha kuamka anadai mpira, mwite kwanza, mpe chakula, mpe vidonge vyake vya mwisho. Kisha mwache akacheze.